Anayegandiwa Nyuma

Pua ya semitrela inapojaa kwenye kioo cha nyuma, dereva wa gari dogo hushawishika kwanza kukanyaga mafuta. Haimsaidii. Wa nyuma naye huongeza mwendo, na sasa wote wawili wanakimbia zaidi huku nafasi kati yao ikibaki ileile. Wengine hugusa breki ghafla ili kumtisha anayewagandia. Hilo ni kucheza na roho za watu.

Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Hata dereva aliye macho huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu kabla mguu wake haujashika breki, na katika muda huo gari la mbele limekwisha kuanza kusimama. Aliye mita 10 nyuma hana pa kukwepea, hata kama breki za magari yote mawili ni nzima. Lori lililosheheni huhitaji nafasi kubwa zaidi.

Mwendo wa gari la nyuma hauko chini ya mguu wa anayegandiwa. Kilicho mikononi mwake ni nafasi ya mbele, na hapo ndipo usalama wake ulipo.

Achague nguzo au kibao kando ya barabara. Gari la mbele likikipita, aanze kuhesabu mpaka naye akifikie: mia moja na moja, mia moja na mbili. Kwa kawaida sekunde mbili ndizo za chini kabisa. Akigandiwa, azifanye nne au zaidi. Kukitokea jambo mbele, ataweza kupunguza mwendo taratibu, na wa nyuma atapata muda wa kuona taa za breki. Anapanga breki za watu wawili. Kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, inayokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, muda huo ni wa thamani kubwa, kwa kuwa swala havuki kwa miadi.

Kisha ampishe. Penye barabara nyoofu inayoonekana mbali, aachie mafuta kidogo na kukaa kushoto. Kwenye kona za mlima wa Kitonga asijaribu kumpisha. Avumilie mpaka mlima uishe. Madereva wengi wa masafa huwasha indiketa ya kushoto kumwambia wa nyuma apite, na ya kulia kumwonya. Ni uungwana, lakini indiketa hiyohiyo humaanisha pia kwamba gari linakata kona, kwa hiyo anayepita lazima aone kwa macho yake mwenyewe.

Usiku, taa kali zikimchoma, asogeze kishikizo kilicho chini ya kioo cha ndani, mwanga utafifia. Na mtu akizidi kumwandama hata baada ya kupishwa, asisimame porini. Aendelee mpaka kituo cha mafuta, mizani au kituo cha polisi, aegeshe penye watu, milango ikiwa imefungwa.