Kifafa na Mashine ya Ubongo

Bila shaka umekwisha kumwona mtu wa kifafa akianguka, sokoni au shuleni au karibu na moto wa jikoni. Labda mtu huyo ni mtoto wako mwenyewe. Tena labda umesikia ya kuwa iko mashine inayoonyesha kazi ya ubongo, nawe unajiuliza: Nitaipata wapi? Na nisipoipata, je, mtoto wangu hatatibiwa? Soma maneno haya, kisha umsomee jirani asiyejua kusoma.

KIFAFA NI NINI?

Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo sana za umeme. Kwa nguvu hizo huamuru mkono uinuke na ulimi useme. Siku zote nguvu hizo hupita kwa taratibu. Lakini kwa mtu wa kifafa, mara kwa mara nguvu nyingi hutoka pamoja kwa ghafula. Ndipo mtu huanguka na kutetemeka, ama hukodoa macho tu kama asiyesikia. Basi kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi. Povu la mgonjwa haliwezi kukutia kifafa, kwa hiyo usiogope kumshika.

MASHINE HUFANYA NINI?

Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger wa mji wa Jena, aliweza mara ya kwanza kuandika nguvu za umeme za ubongo wa mtu. Mashine ya kazi hiyo huitwa elektroensefalografu. Sisi tutasema mashine ya ubongo. Mwuguzi hubandika vipande vidogo vya madini, kama ishirini, juu ya ngozi ya kichwa. Kila kipande kina waya unaokwenda kwenye mashine. Mgonjwa hulala kimya karibu nusu saa. Huambiwa afumbe macho, avute pumzi kwa nguvu, atazame taa inayowaka na kuzimika. Mashine huandika mistari kama mawimbi, na daktari huisoma. Haiumizi. Haitii umeme kichwani, wala haisomi mawazo ya mtu.

Ona faida yake. Huko Kitgum, kaskazini ya Uganda, watoto wengi walikuwa wakiinamisha kichwa mara nyingi, hasa wakati wa kula. Watu walishangaa, wasijue ni nini. Madaktari waliwapima kwa mashine hii, na mwaka 2013 walitoa habari ya kuwa kule kuinamisha kichwa kwenyewe ni namna ya kifafa.

KWA NINI WENGI HAWAIPATI?

Kwanza, bei yake ni kubwa, nayo yataka umeme na mtu aliyejifunza kuisoma. Pili, mashine hizi ni chache, na nyingi zimo katika miji mikubwa. Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa kwa njia ya mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Mama wa Isangi au wa Ubundu atapata wapi nauli, na nani atamlindia shamba? Tatu, vile vipande lazima viguse ngozi. Nywele nzito na misuko huvizuia, hata mara nyingine mwanamke huambiwa afumue nywele zote.

Watu wenye akili wanajaribu kuondoa vizuizi hivyo. Katika nchi ya Bhutan, na katika Guinea ya Afrika Magharibi, madaktari walijaribu kofia nyepesi inayopeleka mistari ya ubongo katika simu. Daktari aliye mbali aweza kuisoma. Habari za Bhutan zilitolewa mwaka 2017. Kofia ilipoonyesha kifafa, kwa kawaida ilisema kweli. Lakini wagonjwa wengi waliotambuliwa na mashine kubwa, kofia haikuwatambua. Na kwa habari ya nywele, mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walionyesha njia nzuri: nywele husukwa kwa mistari, na vibanio hukaa katikati ya misuko, vikigusa ngozi sawasawa. Misuko, iliyokuwa kizuizi, imekuwa msaada.

USINGOJE MASHINE

Sasa sikia neno kubwa kuliko yote. Mashine ni msaada, lakini matibabu hayaanzi kwa mashine. Shirika la Afya Duniani linafundisha ya kuwa wauguzi waliofunzwa katika vituo vya afya wanaweza kutambua kifafa na kuanza dawa bila mashine. Tena, mistari ikiwa mizuri, hiyo si hakika ya kuwa mtu hana kifafa. Ukitazama mto nusu saa bila kuona mamba, je, utasema mto hauna mamba? Habari za yule aliyeona mgonjwa akianguka ndizo za maana kwanza. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Mtu akianguka, mlaze kwa ubavu, uondoe vitu vigumu karibu naye. Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Ikipita dakika tano hajatulia, mpeleke hospitalini upesi.

2. Mwenye simu apige picha za video za mgonjwa wakati huo, mwingine akimwangalia. Daktari akiziona atajua mengi.

3. Andika siku, saa, na muda wa kila kuanguka. Nenda na daftari hilo kituoni.

4. Dawa, kama vile fenobarbitali, imezwe kila siku. Usiiache kwa ghafula, hata mgonjwa akionekana mzima, maana kifafa chaweza kurudi kwa nguvu na kumwua. Mwenye mimba amwambie daktari mapema.

NANI ANAHITAJI MASHINE?

Ni mtoto anayekodoa macho ghafula mara nyingi kwa siku, hata mwalimu akamdhania mvivu. Ni mtu anayemeza dawa vizuri lakini anaendelea kuanguka. Ni mtu ambaye daktari ana mashaka juu ya ugonjwa wake. Ukiwa mmoja wa hao, uliza: Mashine iko wapi, na bei yake ni kiasi gani? Kabla ya kwenda, osha nywele, usipake mafuta. Usiache dawa ila ukiambiwa na daktari.

Shirika hilohilo linasema ya kuwa katika watu 100 wenye kifafa, hata 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa vizuri. Basi usimfiche mtoto ndani ya nyumba ukingoja mashine ya mbali. Mpeleke katika kituo cha afya kilicho karibu, juma hili hili.