Mazoezi ya Macho kwa Wacheza Gemu: Yanayosaidia na Yanayopoteza Pesa

Vijana wengi katika kaunti hii hutumia jioni na wikendi zao wakishindana katika soka ya video, Tekken na michezo ya kulenga shabaha. Wengine huchezea katika vibanda vya gemu sokoni, wengine kwenye simu zao nyumbani. Baadhi yao wana nia ya kufika mbali, na njia hiyo ipo. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, ni Mkenya aliyejijengea jina kimataifa katika mchezo wa Tekken. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, washindi wa michezo ya video walipewa nishani kama wanariadha wengine.

Pamoja na hamu hiyo imekuja biashara ya kuwauzia vijana programu za simu na miwani maalumu, kwa ahadi kwamba zitanoa macho na kuharakisha akili. Kabla ya mzazi au kijana kutoa pesa, ni vyema kujua utafiti umethibitisha nini, na ni mambo gani yasiyo na gharama ambayo humsaidia mchezaji zaidi.

Kazi ya jicho wakati wa mchezo

Jicho haliwezi kuona skrini nzima kwa ukali uleule. Sehemu ndogo iliyo katikati ya retina ndiyo huona vizuri kabisa, na eneo inalomulika si kubwa kuliko upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Yaliyo pembeni huonekana kwa ufifi. Kwa sababu hiyo macho huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine takriban mara tatu kwa sekunde.

Mtu anapoona kitu kikitokea ghafla, huchukua takriban milisekunde 200 hadi 250, yaani kama robo ya sekunde, kabla ya kidole kubonyeza. Muda huo haupungui sana hata mtu afanye mazoezi kiasi gani. Mchezaji hodari humshinda mwenzake kwa kuwa anajua atazame wapi, apuuze nini, na adui au mpira utatokea upande gani. Ujuzi huo hutokana na kuuzoea mchezo wenyewe.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2003, watafiti Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Waliwachukua watu wasio na mazoea ya gemu, wakawapa kundi moja mchezo wa vita na jingine Tetris, saa moja kwa siku kwa siku 10. Waliocheza mchezo wa vita walipata uwezo zaidi wa kugawa umakini wao kwenye vitu vingi vinavyoonekana kwa wakati mmoja. Mwaka 2009, Bavelier na wenzake walionyesha kuwa saa 50 za michezo ya aina hiyo ziliongeza uwezo wa kutofautisha vivuli vya rangi ya kijivu vinavyokaribiana.

Hata hivyo, matokeo hayo yana mipaka. Mwaka 2018, watafiti waliokusanya pamoja tafiti nyingi za aina hiyo walipata kuwa faida kwa uwezo wa akili kwa jumla ni ndogo mno au haipo. Miaka miwili kabla ya hapo, mapitio makubwa ya programu za kunoa ubongo yalifikia hitimisho kwamba mtu huwa hodari katika zoezi analolirudia, lakini uhodari huo hauhamii kwa urahisi kwenye kazi nyingine. Anayefanya mazoezi ya kufuata vitone kwenye skrini atakuwa bingwa wa kufuata vitone. Kwamba atafunga mabao zaidi katika soka ya video ni dai linalohitaji ushahidi wake.

Mwaka huohuo wa 2016, kampuni ya Lumos Labs ya Marekani, inayomiliki programu ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya serikali inayosimamia biashara kudai kuwa matangazo yake yaliwapotosha wateja. Mkazi anayeahidiwa miujiza ya namna hiyo anaweza kuuliza swali moja: je, imepimwa kwa wachezaji halisi, katika mchezo halisi?

Pima macho kwanza

Hakuna zoezi la skrini linaloweza kuchukua nafasi ya miwani. Kijana asiyeona mbali kwa sababu ya umbo la jicho lake hatapona kwa kucheza zaidi au kwa kununua programu. Mzazi aangalie dalili hizi: mtoto kukaza macho anapotazama ubao, kusogea karibu na runinga, kuumwa kichwa mara kwa mara, au kufunga jicho moja anaposoma. Kwa mtoto mwenye jicho vivu, matibabu hufaulu zaidi yakianza mapema, na kila mwaka unaopita bila kupimwa hupunguza nafasi yake ya kuona vizuri. Pesa zilizotengwa kwa programu ya macho zingetumika vyema zaidi kwa kipimo katika kliniki ya macho.

Watoto pia wanahitaji kuwa nje mchana. Tafiti zimeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje katika mwanga wa jua, kwa saa mbili hivi kwa siku, wana uwezekano mdogo wa kuanza kupata tatizo la kutoona mbali.

Kuhusu macho kuwasha na kukauka, sababu kubwa ni kutopepesa. Mtu anayekodolea skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na jicho hukosa unyevu wake. Wataalamu hupendekeza kwamba kila baada ya dakika 20, mchezaji atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, huku akipepesa.

Mwili uliokaa sana hauchezi vizuri

Mwaka 2019, watafiti waliwahoji wachezaji 65 wa timu za vyuo vikuu nchini Marekani na Kanada. Zaidi ya nusu, asilimia 56, walilalamikia uchovu wa macho. Asilimia 42 walikuwa na maumivu ya shingo au mgongo, na asilimia 36 maumivu ya kifundo cha mkono. Asilimia 40 hawakufanya mazoezi yoyote ya mwili, na ni asilimia 2 pekee waliokuwa wamemwona daktari.

Utafiti mwingine wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kutembea kwa dakika 6 katikati ya saa mbili za mchezo kuliwasaidia wachezaji kufikiri na kupanga kwa haraka zaidi kuliko walipokaa mfululizo. Kutembea hakuhitaji bando wala kifaa.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki.

Usingizi na afya ya akili

Ukosefu wa usingizi hupunguza umakini na kuchelewesha mwitikio, mambo mawili ambayo mshindani hawezi kuyakosa. Kijana wa umri wa shule ya upili anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Anayecheza hadi saa tisa usiku akidhani anafanya mazoezi huamka akiwa mzito kuliko alivyolala, na masomo yake huumia pia.

Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua tatizo la uraibu wa gemu. Wingi wa saa pekee hautoshi kulitambua. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuuweka mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Wachezaji wengi hawafikii hali hiyo. Mzazi anayeona mabadiliko hayo azungumze na kijana wake kwa utulivu na kumpeleka katika kituo cha afya, kwa kuwa adhabu pekee humfanya afiche mchezo.

Nafasi ya kaunti na ya mwenye kibanda

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vituo vya afya vya kaunti, burudani za umma, maonyesho ya video, michezo na udhibiti wa kamari ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Wenye vibanda wanashauriwa kuulizia matakwa ya leseni katika ofisi za kaunti ndogo, kuweka mwanga wa kutosha, kuvipanga viti mbali kiasi na skrini, na kutowapokea wanafunzi saa za masomo. Mchezo ukiwekewa dau la pesa, hiyo ni kamari, na watoto hawaruhusiwi kabisa.

Mkazi anayepoteza uwezo wa kuona ghafla, anayeona mimuliko ya mwanga, au mwenye jicho jekundu lenye maumivu makali anapaswa kufika hospitalini siku hiyohiyo. Kwa matatizo mengine ya macho, aanze kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au zahanati iliyo karibu, ambako ataelekezwa kwenye hospitali yenye kliniki ya macho.