Mjukuu wa Loresho Aliyefika Wimbledon

Majuma machache yaliyopita kamati yetu ya msikiti hapa Mbeya iliombwa kusuluhisha jambo lililoonekana dogo. Binti wa darasa la sita, yatima anayelelewa na bibi yake, alichaguliwa katika timu ya mpira wa pete ya kwenda UMITASHUMTA. Bibi aliridhia. Baba yake mdogo aliyeko Iringa, ambaye ndiye walii wake, alikataa. Tulipanda basi la asubuhi kwenda kuonana naye, na njiani mazungumzo yetu yakawa juu ya binti mwingine aliyelelewa na bibi: Angella Okutoyi wa Kenya, mcheza tenisi.

Okutoyi alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake wa kike. Mama yao alifariki wakati wa kujifungua. Bibi yao, aliyekuwa mfanya usafi katika shule ya msingi ya Loresho jijini Nairobi, aliwachukua akawalea kwa kipato chake kidogo. Angella alishika raketi akiwa na umri wa miaka minne. Kipaji kilimtoa nyumbani mapema: alifundishwa katika kituo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi hapo Nairobi, kisha Burundi, na baadaye Morocco. Mwenye kulea mjukuu anajua uzito wa kumruhusu mtoto asafiri hivyo, hali yeye mwenyewe hana nauli ya kumfuata.

Januari 2022, huko Melbourne, Okutoyi akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika mashindano makubwa ya vijana. Julai mwaka huo huo alifika fainali ya wasichana wawili wawili Wimbledon, Uingereza, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na wakaimaliza ya mwisho kwa 11-9. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la vijana katika yale mashindano manne makubwa ya dunia kabla yake.

Baada ya hapo wengi walitarajia kumwona haraka miongoni mwa wakubwa. Lakini ngazi ya tenisi hupandwa kwa pointi, pointi hupatikana mashindanoni, na mengi ya mashindano hayo yako ng'ambo. Mchezaji hujilipia tiketi, malazi na mwalimu hata wiki anayotolewa mechi ya kwanza. Okutoyi alichagua njia ya kuunganisha mchezo na elimu, akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama, Marekani. Machi 2024 alitwaa medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Hata hivyo, Olimpiki ya Paris ya mwaka huo ilichezwa bila yeye.

Tulimkuta baba mdogo dukani kwake Mlandege. Alitukaribisha kwa heshima, akatuagizia chai, kisha akasema yaliyokuwa moyoni.

"Masheikh, mimi sina ugomvi na mchezo. Nina hofu ya safari, mavazi na masomo. Marehemu kaka yangu aliniachia amana. Nikiipoteza nitamjibu nini?"

Hatukuona hofu hizo kuwa za kudharauliwa. Ni hofu za mlezi anayejua kwamba ataulizwa. Tulimweleza kwamba kila moja ina jibu, ila jibu lenyewe ni kazi, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa bibi peke yake. Kuhusu mavazi, shirikisho la soka duniani liliruhusu hijabu mwaka 2014, na la mpira wa kikapu mwaka 2017. Shule ya binti yetu nayo imekubali mikono mirefu, suruali ndefu na kitambaa cha kichwa. Kuhusu safari, mwalimu wa kike atalala bweni moja na wasichana. Kuhusu masomo, tulimweleza kwamba raketi ya Okutoyi ndiyo iliyomfikisha chuo kikuu.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na akishindwa, arudi analia?"

Tukamsimulia habari ya walioshindwa siku ile Wimbledon. Mmoja wao alikuwa Victoria Mboko wa Kanada, binti wa wazazi waliohama kutoka Kongo. Alikuwa na umri wa miaka 15, naye alikosa taji kwa pointi mbili tu. Agosti 2025, mjini Montreal, Mboko huyo alitwaa ubingwa wa Kanada baada ya kumshinda katika fainali Naomi Osaka wa Japani, mshindi wa mashindano makubwa mara nne na aliyewahi kuwa wa kwanza duniani. Hata katika fainali hiyo alipoteza seti ya kwanza.

Baba mdogo alikubali kwa masharti mawili: binti ampigie bibi yake simu kila jioni, na alama zake za hesabu zisishuke. Tuliyaona ni masharti ya haki, tukayaandika.

Tumeomba ruhusa ya kulisimulia jambo hili kwa sababu si la nyumba moja. Mbeya na Iringa zina mabinti wengi wenye vipaji wanaolelewa na bibi, shangazi na baba wadogo. Mlezi anaposema hapana, tusikimbilie kumlaumu. Tumuulize anahofu nini, kisha tuangalie ni lipi kati ya hayo tunaloweza kumbebea. Kwa binti huyu kamati imebeba nauli na viatu. Kumtafutia mwalimu wa hesabu wa jioni bado hatujafanikiwa. Mwenye uwezo katika ndugu wasomaji na ajitokeze.

Wabillahi tawfiq.