Chumba na Sebule kwa Kodi ya Miezi Sita

Mtu apataye kazi mjini Dar es Salaam huanza kutafuta mahali pa kulaza ubavu kabla hajaupokea mshahara wa kwanza. Hatafuti jumba. Atafuta chumba na sebule, penye choo chake na maji, pasipo mbali mno na kazi yake. Wenzake watafutao vivyo hivyo ni wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na wote wahitaji paa.

Hapana shaka kodi imepanda. Lakini twaona kwamba kodi ya mwezi siyo imfungiayo mfanyakazi mlango. Kimfungiacho ni ile desturi ya kudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja.

Na tufanye hesabu. Tuseme chumba na sebule ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 900,000. Dalali naye adai kodi ya mwezi mmoja, shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 1,050,000, na mpangaji bado hajanunua hata kitanda. Mwenye mshahara wa shilingi 400,000 aweza, kwa kujibana, kutoa 150,000 kila mwezi. Lakini hiyo 1,050,000 ni mshahara wake wa zaidi ya miezi miwili na nusu, asile wala asipande basi. Haba na haba hujaza kibaba. Mshahara huja kwa haba, bali mwenye nyumba ataka kibaba kilichokwisha kujaa.

Basi mfanyakazi hukopa kwa riba, au hukimbilia Chanika na Kivule, ambako alichookoa katika kodi hukimaliza katika nauli. Na miezi sita ikiisha, mzigo ni ule ule.

Yatupasa kumtendea haki mwenye nyumba pia. Wengi wao si matajiri. Wamejenga tofali kwa tofali, bila mkopo wa benki, na kodi ya miezi sita ndiyo ipigayo plasta chumba cha pili. Tena mwenye nyumba amwogopa mpangaji atakayekaa miezi mitatu bila kulipa, kisha akahitaji safari nyingi za baraza ili atoke. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini si haki hofu ya wakorofi wachache kulipiwa na waaminifu wote.

Serikali haikuwa mgeni katika jambo hili. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Sheria ya mwaka 1984 ilidhibiti kodi na kuweka mabaraza ya nyumba ya kuamua ugomvi. Ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei imeachiwa mapatano ya watu wawili, ambao mmoja wao ana ufunguo na mwingine ana mizigo barabarani. Mwezi Machi 2022 zilifunguliwa nyumba mpya za ghorofa za Magomeni kwa familia 644 za wakazi wa kota za zamani. Ni kazi njema, lakini katika mji wa watu milioni tano ni tone katika ndoo.

Hatusemi sheria ile irudi kama ilivyokuwa, kwani bei ikibanwa kupita kiasi watu huacha kujenga. Twasema sheria iweke mpaka wa malipo ya mbele: kodi ya mwezi mmoja, pamoja na dhamana ya mwezi mwingine itakayorudishwa mpangaji akiondoka bila deni wala uharibifu. Mwenye nyumba atakuwa na kinga yake, na mfanyakazi ataingia kwa shilingi 300,000, si kwa 900,000. Ujira wa dalali nao uwekewe kiwango.

Wakati tukingoja, ndugu wafanyakazi, vyama vyetu vya akiba na mikopo vyaweza kukopesha kodi kwa riba nafuu. Usilipe kabla ya kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Dai mkataba wa maandishi na stakabadhi. Kitazame chumba siku ya mvua, na uulize kama Luku ni yako peke yako. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa katika ununuzi wa umeme. Wewe ununuaye umeme patana na mwenye nyumba akupunguzie kiasi hicho katika pango.

Mji huu hujengwa, husafishwa na kuendeshwa na watu wa mshahara wa mwezi. Ni haki basi walipe nyumba kwa mwezi.