Wastani Haumwoni Anayesubiri

Fundi anayemtengenezea mwenye hoteli wa Diani tovuti ya kuuzia vyumba huwa na takwimu moja ya kumridhisha mteja: wastani wa muda wa kujibu. Ni takwimu ndogo, inapendeza machoni, na mara nyingi haimhusu mgeni yeyote.

Tuchukue hesabu ya mfano. Maombi 100 yanafika kwenye seva. Kati yake 95 yanajibiwa kwa milisekunde 50, na matano yanakwama kwa milisekunde 3,000, yaani sekunde tatu nzima. Wastani ni milisekunde 197.5. Hakuna hata ombi moja lililojibiwa kwa muda huo! Na hayo matano si machache kama yanavyoonekana. Ukurasa wenye picha za vyumba, bei, ramani na malipo ya M-Pesa huweza kutuma maombi 20 kwa mpigo. Kama kukwama ni kwa bahati tu, wageni 64 hivi kati ya 100 watakutana na angalau ombi moja la sekunde tatu.

Kampuni ya TechEmpower ya Marekani ilianza mwaka 2013 kuzishindanisha hadharani fremuweki za tovuti, yaani mifupa ya programu ambayo mafundi hujengea tovuti, na kazi yake imewasaidia mafundi wengi kuchagua. Lakini kwa upande wa kusubiri, majedwali yake yaliegemea wastani, mtawanyiko na muda mrefu kuliko wote. Takwimu hizo hazitoshi, kwa sababu muda wa kujibu una mkia mrefu upande mmoja: majibu machache huchelewa mno kuliko mengine.

Kuna kosa jingine, baya zaidi, linaloanzia kwenye upimaji wenyewe. Tuseme mtu anatumwa kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, kupima muda wa kuvuka. Anapanda feri, anashuka, anaandika, anapanda tena. Feri ikikwama saa nzima yeye akiwa ndani, ataandika safari moja mbaya. Umati wa Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga uliorundikana ng'ambo saa hiyohiyo haumo kwenye daftari lake. Programu nyingi za kupimia hufanya vivyo hivyo: hazitumi ombi jipya mpaka lililotangulia lijibiwe. Seva inayopaswa kupokea maombi 100 kila sekunde ikiganda kwa sekunde 10, maombi 1,000 yanaathirika. Kipimo chenye muunganisho mmoja kitaandika moja tu. Mhandisi Gil Tene amelipigia kelele jambo hili kwa miaka, na programu yake ya wrk2 huhesabu kuanzia wakati ombi lilipopaswa kuondoka.

Na vipimo vikishapatikana, vichorwe vipi? Panga majibu yote kutoka la haraka hadi la polepole, kisha soma la 50, la 90 na la 99 katika kila 100, halafu la 999 katika kila 1,000. Hizo ndizo pasentaili. Kwenye grafu nzuri, nafasi ya kutoka 90 hadi 99 hulingana na ile ya kutoka 99 hadi 99.9, ili mkia uonekane wazi. Ila pasentaili za seva mbili zisitafutiwe wastani. Jibu litakalotoka halina maana.

Mahali pa kupimia nako kuna uzito wake. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009, hupita chini ya bahari kwa takriban kilomita 5,000 hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi pekee hula milisekunde 50. Seva ikiwa Ulaya, mbali kuliko Fujairah, hakuna fremuweki itakayozifuta milisekunde hizo. Kipimo kilichofanywa kwa kompyuta iliyo kando ya seva hakizioni kabisa.

Kwa hiyo mwenye hoteli asipokee tovuti kwa wastani peke yake. Adai grafu ya pasentaili iliyopimwa kutoka Ukunda, jirani na hoteli yake, kwa simu ya kawaida na bando la kawaida, jioni watu wanapokuwa wengi mtandaoni, na ndipo amlipe fundi.