Shamba Ndani ya Chumba: Istilahi za Kilimo na Uanzishaji wa Uzalishaji wa Uyoga Nyumbani katika Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna chumba cha kwanza cha kuzalishia uyoga aina ya mamama kinavyoandaliwa nyumbani, katika mazingira ya Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, na inachunguza istilahi za Kiswahili zinazotumika kufundishia kazi hiyo. Hoja kuu ni kwamba maneno mbegu, mbolea, kumwagilia na dawa yamehama kutoka shambani hadi chumbani yakiwa yamebeba matarajio yake ya awali, na kwamba matarajio hayo yanaweza kumpotosha anayeanza. Makala inapendekeza kwamba ufafanuzi wa kazi hii uegemee zaidi maarifa ya jikoni, hasa yale ya uchachushaji, kuliko maarifa ya shamba.

Maneno makuu: uyoga mamama, istilahi, kihamba, vimeng'enywa, uchachushaji

1.0 Utangulizi

Uyoga mamama ni jina linalotumika Tanzania kwa uyoga wa jenasi ya Pleurotus, ambao huota kwenye miti iliyokufa na masalia mengine ya mimea. Ukuzaji wake ulijaribiwa Ujerumani mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama njia ya kupata chakula katika kipindi cha uhaba. Tangu hapo umeenea katika nchi nyingi za joto kwa sababu tatu: hauhitaji samadi iliyoozeshwa, huvumilia joto kuliko uyoga mweupe wa viwandani, na huota kwenye masalia ambayo kaya nyingi za wakulima tayari zinayo.

Mafunzo kwa wakulima wanaoanza huusawiri uzalishaji huu kama kilimo. Mkufunzi huzungumzia mbegu, kupanda, kumwagilia na kuvuna. Usawiri huo una faida, kwani humpa msikilizaji mahali pa kuanzia. Hata hivyo, uyoga si mmea. Hauna jani wala mzizi, na hautengenezi chakula chake kwa mwanga wa jua. Swali linalojadiliwa hapa ni hili: neno la shamba linapoingia chumbani, linaingia na nini?

2.0 Kihamba, shamba na chumba

Katika miteremko ya Kilimanjaro, ardhi ya kaya imegawanyika kwa desturi katika sehemu mbili. Ya kwanza ni kihamba, yaani bustani ya nyumbani yenye migomba, kahawa, viazi vikuu, miti ya kivuli na banda la mifugo. Ya pili ni shamba la tambarare, ambako mahindi na maharage hulimwa. Baada ya mavuno, mabua ya mahindi na makapi ya maharage hupandishwa mlimani yawe malisho ya ng'ombe wanaofugwa bandani.

Kihamba hurithiwa kwa desturi kupitia upande wa wanaume, na kugawanywa kwake kizazi baada ya kizazi kumekifanya kiwe kidogo. Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro, alionesha jinsi uhaba huo wa ardhi ulivyogeuza uhusiano wa ndugu kuwa uwanja wa ushindani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi, lakini haki iliyoandikwa haiongezi ukubwa wa kihamba. Upande wa juu nako hakuna pa kupanukia: mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa na kuujumuisha msitu unaouzunguka mlima.

Katika hali hiyo, chumba kinakuwa aina ya tatu ya ardhi. Binti asiyerithi kihamba, mjane anayeishi kwa ridhaa ya ndugu wa mume, au kijana mpangaji mjini Moshi anaweza kupata zao kutoka katika mita chache za mraba. Kwa mtu wa namna hiyo, kuharibika kwa mifuko ya kwanza ni kupotea kwa mtaji wote. Kwa sababu hiyo usahihi wa maneno ya mafunzo una uzito wa kiuchumi, mbali na uzito wake wa kitaaluma.

3.0 Istilahi na hatua za kazi

3.1 Mbegu

Katika Kiswahili, mbegu haina maana ya punje pekee. Kipande cha shina la muhogo ni mbegu, na wakulima wa mwani wa Zanzibar huita mbegu vile vipande vya mwani wanavyovifunga kwenye kamba. Kwa upana huo wa maana, kuiita mbegu ile nafaka iliyopikwa, mara nyingi mtama, iliyoenezwa nyuzi nyeupe za uyoga maabara, si kosa la lugha.

Tatizo liko katika matarajio. Mbegu ya mahindi hukaushwa na kuhifadhiwa hadi msimu ujao. Kipande cha muhogo hukatwa kutoka katika shina lililokwisha kuvunwa. Mbegu ya uyoga hairuhusu lolote kati ya hayo. Ni kiumbe hai kilicho katikati ya kukua: kwenye joto la kawaida huzeeka haraka, na kwenye jokofu hudumu kwa wiki chache tu. Anayejaribu kuizalisha upya nyumbani bila vifaa vya maabara, kwa kawaida huzalisha pia vimelea vingine. Kanuni ya kwanza kwa anayeanza ni kuandaa chumba na masalia kwanza, kisha kununua mbegu. Mbegu nzuri huwa nyeupe mfululizo, bila doa la kijani au jeusi na bila harufu ya uchachu.

3.2 Vimeng'enywa na dhana ya mbolea

Masalia ambayo uyoga hukulia huitwa vimeng'enywa katika maandishi ya ugani. Istilahi hii ni sahihi, kwani inaeleza kinachotendeka: nyuzi za uyoga huyameng'enya masalia na kujilisha. Katika miteremko, vimeng'enywa vinavyopatikana kwa urahisi ni majani makavu ya migomba, makapi ya maharage, mabua na magunzi ya mahindi. Hapa kuna mgongano wa matumizi, kwa kuwa makapi ya maharage ni malisho bora. Majani makavu ya migomba yana thamani ndogo kwa ng'ombe, hivyo yanafaa kuwa msingi, ingawa kuyaondoa yote kihambani huinyima ardhi matandazo.

Masalia hukatwakatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5 na kulowekwa usiku kucha. Kisha hupashwa mvuke katika pipa kwa muda wa saa mbili hivi, ili vimelea shindani vipungue. Pale ambapo kuni ni ghali, njia mbadala ni kuyaloweka katika maji ya chokaa kwa saa 12 hadi 18 bila moto. Ukali wa maji hayo ya chokaa huwalazimu watendaji kuvaa glavu, kwani huunguza ngozi. Baada ya hapo masalia huchujwa. Kipimo cha unyevu ni kiganja: fumba likikamuliwa kwa nguvu, matone machache tu ndiyo yatoke.

Mkulima aliyezoea shamba huona vimeng'enywa kuwa udongo, na udongo huongezewa mbolea. Akizidisha pumba au samadi mbichi, huongeza nitrojeni inayoupendelea ukungu wa kijani kuliko uyoga. Vimeng'enywa havishikilii zao kama udongo unavyolishikilia. Vyenyewe ndivyo chakula chote cha zao.

3.3 Giza, mwanga na hewa

Mafunzo mengi hutofautisha chumba cha giza na chumba cha mwanga. Masalia yaliyopoa hujazwa katika mifuko ya nailoni kwa matabaka, mbegu ikinyunyizwa kati ya tabaka na tabaka kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa masalia mabichi. Mifuko hutobolewa matundu madogo na kupangwa kwenye rafu. Kwa wiki mbili hadi tatu, katika joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, nyuzi nyeupe huenea hadi mfuko wote uwe mweupe.

Neno giza huweza kumfanya anayeanza aamini kwamba uyoga huchukia mwanga daima, hivyo akafunga madirisha hata baada ya hatua hiyo kupita. Kinachoamua zaidi ni hewa. Uyoga, kama binadamu, hutumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Mfuko ukishakuwa mweupe, chumba huhitaji hewa safi, mwanga hafifu wa kutosha kusomea, na joto la chini kidogo, nyuzi 20 hadi 28 hivi. Uyoga wenyewe hutoa ushahidi: vikonyo virefu na vyembamba vyenye vichwa vidogo ni dalili kwamba hewa imechoka.

Hapa mwinuko una nafasi yake. Mjini Moshi, joto la Januari hadi Machi huweza kuzidi mahitaji ya zao, na miezi ya baridi kuanzia Juni hadi Agosti ndiyo inayofaa kwa jaribio la kwanza. Katika vijiji vya juu, kama vile vya Marangu na Kibosho, miezi hiyo ya baridi huchelewesha kuenea kwa nyuzi, na vipindi vya joto hufaa zaidi. Kalenda ya masika na vuli, inayotawala shamba, haiongozi chumba.

3.4 Kumwagilia

Jamii za Kilimanjaro zina historia ndefu ya kuongoza maji kwa mifereji kutoka msituni hadi vihambani. Katika maarifa hayo, kumwagilia ni kupeleka maji kwenye mizizi. Uyoga hauna mizizi, na maji yaliyotuama ndani ya mfuko huleta uozo. Kinachotiwa maji ni hewa. Sakafu hufunikwa mchanga unaoloweshwa, magunia mabichi hutundikwa ukutani, na maji safi hupulizwa kama ukungu mara mbili au tatu kwa siku, ili unyevu wa hewa ufikie asilimia 80 hadi 90. Kitenzi kunyevusha kinaeleza kazi hii vizuri kuliko kumwagilia.

3.5 Dawa na kuvuna

Shambani, mdudu hukabiliwa kwa dawa. Chumbani, kiuadudu kilichopulizwa leo huweza kuliwa kesho, kwa kuwa uyoga hukua kutoka kichomozo hadi mavuno kwa siku tatu hadi tano tu. Kinga ni wavu madirishani, kuta zinazosafishika, mikono iliyonawa, na kuutoa nje mara moja mfuko wowote wenye ukungu wa kijani bila kuufungulia ndani.

Uyoga huvunwa kwa kuzungushwa na kung'olewa, kabla kingo za vichwa hazijanyooka. Kuchelewa huruhusu vichwa kumwaga vumbi la mbegu za uzazi kwa wingi hewani. Kulivuta vumbi hilo mara kwa mara huweza kusababisha mzio na maradhi ya mapafu. Neno shamba halitoi tahadhari hiyo, kwani shamba liko nje na lina upepo. Chumba cha uyoga hakipaswi kuwa chumba cha kulala, na mvunaji anapaswa kuvaa barakoa.

Mfuko hutoa mikupuo mitatu au minne. Kwa kila kilo moja ya masalia makavu, mavuno ya kawaida ni kati ya nusu kilo na kilo moja ya uyoga mbichi. Kwa kuwa uyoga mbichi huharibika ndani ya siku chache, mnunuzi atafutwe kabla ya mbegu, na uwepo mpango wa kukausha ziada. Masalia yaliyokwisha kutumika hurudishwa kihambani kama mboji.

4.0 Mjadala

Uchambuzi huu unaonesha kwamba istilahi za shamba hazipotoshi kwa kiwango kimoja. Kuvuna kunahitaji maelezo machache tu. Mbegu, kumwagilia na dawa zinahitaji kusahihishwa kwa makusudi. Upo uwanja mwingine wa maarifa ulio karibu zaidi. Kaya za Wachagga zimetengeneza mbege kwa vizazi vingi kwa kutumia ndizi zilizopikwa na kimea cha ulezi. Mtengenezaji wa mbege anajua kwamba chakula hupikwa kwanza, hupoozwa, huchanganywa na kitu hai, hufunikwa, huachwa mahali penye joto linalofaa, na hukaguliwa kwa harufu. Mfuatano huo ndio wa mfuko wa uyoga. Mbegu ya uyoga inatenda kama chachu: haihifadhiwi kwa kukaushwa juani, na huharibiwa na chombo kichafu.

Ulinganisho huo una mpaka wake. Mbege hupokea vijidudu vingi kutoka hewani na vyomboni, ilhali mfuko wa uyoga unapaswa kuwa na kiumbe kimoja tu. Mkufunzi anapaswa kuutaja mpaka huo waziwazi. Haipendekezwi neno mbegu lifutwe, kwani limekwisha kukubalika sokoni. Kinachopendekezwa ni lifafanuliwe kwa chachu tangu siku ya kwanza.

5.0 Hitimisho

Makala imefafanua uandaaji wa chumba cha kwanza cha uyoga na kuonesha kwamba mafanikio yake yanategemea udhibiti wa usafi, joto, unyevu na hewa kuliko ukubwa wa eneo. Imeonesha pia kwamba istilahi iliyokopwa kutoka uwanja jirani hukopwa pamoja na mazoea ya uwanja huo. Kwa watafiti wa istilahi, jambo hili linataka maneno ya ugani yapimwe kwa matendo yanayoyazalisha, sambamba na vigezo vya kimuundo. Kwa mwenye chumba kimoja na mtaji wa mifuko michache, upimaji huo unaweza kuamua iwapo kutakuwa na mavuno ya pili.