Nuru Juu ya Fedha: Namna ya Kuitambua Sumu Majini, kwa Mfano wa Ziwa Nakuru

Katika miaka ya 1990 heroe walikufa kwa maelfu katika Ziwa Nakuru. Miongoni mwa sababu zilizotiliwa shaka zilikuwamo metali nzito, maradhi, na mikrosistini, yaani sumu itokayo kwenye sianobakteria, viumbe vidogo vya majini vifananavyo na mwani. Kwa kawaida sumu haba namna hiyo hupimwa maabarani kwa mitambo ya ghali. Iko njia nyingine, na kuieleza kwa Kiswahili si kugumu, mradi maneno mawili yasichanganywe: kuakisi na kutawanya.

Kioo huakisi, nuru hurudi kama ilivyokuja. Molekuli hutawanya, na sehemu ndogo mno ya nuru hiyo hutoka imebadilika rangi, kwa kuwa imeacha baadhi ya nguvu zake katika mtikisiko wa molekuli. C. V. Raman alilitangaza jambo hili huko Bara Hindi mwaka 1928. Kila aina ya molekuli ina mitikisiko yake, hivyo mabadiliko hayo ni mfano wa alama ya kidole. Ila alama yenyewe ni hafifu mno.

Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Fleischmann, Hendra na McQuillan waliona alama za piridini zimekolea ajabu juu ya fedha iliyoparuzwa kwa umeme. (Fedha hapa ni madini, si sarafu, na kwa asili yake ya Kiarabu neno hilo lilianza kwa madini.) Mwaka 1977 ilibainika kwamba ongezeko hilo hufikia mara laki moja hadi milioni. Katika vijituta vya makumi ya nanomita, elektroni huru za fedha huyumba pamoja kwa kufuata nuru, na nguvu ya nuru hukusanyika kwenye ncha na nyufa. Lakini kisichokaribia uso huo kwa nanomita chache hakikuzwi.

Hapo ndipo penye ugumu wa Nakuru. Maji yake ni ya magadi, tena yamejaa mabaki ya viumbe, ambayo hugombea nafasi juu ya fedha. Mikrosistini imekwisha kutambuliwa hivi maabarani; katika maji ya ziwa kama hili hainabudi kwanza itengwe, kisha inaswe na kingamwili zilizobandikwa juu ya madini. Kwa hiyo istilahi moja, utambuzi, yabeba kazi mbili, kunasa na kusoma. Mtunga istilahi yampasa azitenge, maana kwa maji ya magadi kazi nzito ni ile ya kwanza.